Kurudi nyumbani baada ya upasuaji wa mgongo: mwongozo kwa aliyebanwa neva kwa muda mrefu

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeishi miezi au miaka na maumivu yanayoanzia kiunoni, yakapita kwenye kalio na nyuma ya paja hadi kwenye wayo, na mwishowe akafanyiwa upasuaji wa kuondoa kilichokuwa kinaibana neva. Ni wake, na ni wa watu anaoishi nao pia. Nafanya kazi ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, Dar es Salaam. Ninachokiona mara kwa mara ni mgonjwa ambaye upasuaji wake umekwenda vizuri, ametoka wodini anatembea mwenyewe, kisha anaingia kwenye nyumba ambayo kila kitu kipo chini. Jiko la mkaa lipo chini, beseni la nguo lipo chini, ndoo ya kuogea ipo chini, choo ni cha kuchuchumaa, na fagio ni fupi. Mgongo uliotoka kufunguliwa unaanza kuinamishwa kutwa.

Kwa hiyo, kabla ya mazoezi na kabla ya dawa, kazi kubwa ni kuinua vitu vya nyumbani vifike usawa wa kiuno. Hilo nitalieleza kwa urefu. Mahali popote ambapo daktari aliyekupasua amekupa agizo tofauti na haya, fuata agizo lake, maana yeye ameona ndani ya mgongo wako na mimi sijaona.

Hatua ya 1: Jua ulichofanyiwa kabla hujatoka wodini

Kiuno kina pingili 5, na kati ya pingili na pingili kuna diski. Mbili za chini kabisa ndizo zinazobeba mzigo mkubwa, na ndizo zinazoharibika zaidi. Kwenye karatasi yako utaona zimeandikwa L4-L5 na L5-S1: L ni pingili za kiuno, S ni mfupa ulio chini yake. Diski ina kiini laini kilichozungukwa na ukuta mgumu. Ukuta ukichanika, kiini huchomoza na kuugandamiza mzizi wa neva unaopita jirani. Ndiyo maana unaumwa mguu ilhali kasoro ipo kiunoni. Jambo hili lilithibitika vizuri mwaka 1934, pale madaktari wawili wa Boston, Mixter na Barr, walipochapisha taarifa za wagonjwa waliopata nafuu baada ya kuondolewa kipande cha diski. Kwa wazee kisa huwa kingine: njia ya neva yenyewe imekuwa nyembamba kwa sababu mifupa na kano zimenenepa, na mtu hawezi kutembea mbali bila miguu kufa ganzi mpaka aketi au ainame kidogo.

Upasuaji nao una aina zake. Kuna kuondoa kipande cha diski, kuna kukata sehemu ya mfupa wa nyuma ili neva ipate nafasi, na kuna kuunganisha pingili kwa skrubu na vyuma. Aliyeondolewa kipande cha diski anaweza kurudi kwenye kazi nyepesi baada ya wiki chache. Aliyewekewa vyuma anasubiri mfupa uote na kushikana, na mfupa huchukua miezi. Watu wawili wa mtaa mmoja wanaweza kusema "tumepasuliwa mgongo" na masharti yao yasifanane hata kidogo. Usifuate masharti ya jirani.

Mwombe ndugu yako aandike haya kwenye daftari: jina la upasuaji na pingili zilizoguswa, nyuzi zitatolewa lini au kama ni za kuyeyuka zenyewe, dawa gani kwa siku ngapi, uzito gani usiouzidi, na tarehe ya kliniki. Aandike pia hali ya miguu yako siku unayotoka: kidole gumba kinanyanyuka? Ganzi ipo wapi? Unakojoa vizuri? Maelezo hayo ya siku ya kutoka yana thamani kubwa baadaye, kwa sababu daktari mwingine yeyote atataka kujua kama udhaifu anaouona ni wa zamani au umeanza jana.

Hatua ya 2: Safari ya kurudi

Usipande bodaboda, na bajaji ni vivyo hivyo, kwa sababu kila tuta na shimo linapiga moja kwa moja kwenye kiuno. Tafuta gari dogo, kaa kiti cha mbele kilicholazwa kidogo nyuma. Unapoingia, geuza makalio yaelekee kiti kwanza, keti, kisha ingiza miguu yote miwili kwa pamoja. Mfuko laini wa plastiki ukiwekwa juu ya kiti hukusaidia kugeuka bila kuukunja mgongo.

Kama nyumbani ni mbali, ushauri wangu ni ukae kwa ndugu mjini mpaka kliniki ya kwanza ipite. Wengi wana haraka ya kurudi mkoani. Naielewa haraka hiyo, gharama za mjini ni kubwa, lakini kukaa ndani ya basi kwa muda wa saa kumi na zaidi katika wiki ya kwanza ni adhabu kwa mgongo na ni hatari ya damu kuganda kwenye miguu. Ikilazimu kusafiri, simama na kutembea kidogo kila gari linaposimama, na ukiwa umekaa cheza na vifundo: vidole juu, vidole chini, mara nyingi.

Hatua ya 3: Inua nyumba

Hii ifanywe na watu wa nyumbani kabla mgonjwa hajafika.

*Kitanda.* Godoro lisiwe sakafuni. Ukikaa ukingoni, magoti yawe chini kidogo ya nyonga au sawa nazo, na nyayo zifike chini. Kitanda kikiwa kifupi, kipandishwe kwa matofali imara chini ya kila mguu. Godoro la sponji lililobonyea katikati ligeuzwe au libadilishwe. Gumu la wastani linatosha. Kulala juu ya ubao mtupu, kama wazee wengi wanavyoshauri, hakuna haja, kunaumiza tu.

*Choo.* Choo cha kuchuchumaa ndicho kinachowashinda wagonjwa wengi zaidi. Kuchuchumaa kunaukunja mgongo wa chini mpaka mwisho, na kuinuka kunadai nguvu ya mguu ambao bado ni dhaifu. Kuna viti maalumu vya choo vinavyouzwa kwenye maduka ya vifaa tiba. Bei ikiwa juu, fundi seremala wa mtaani anaweza kuchukua kiti cha mbao chenye miguu minne imara, akakata tundu katikati, kikasimamishwa juu ya shimo. Hakikisha hakiyumbi, na ukutani pigiliwe kipande cha bomba au mbao ya kushika. Sakafu yenye maji huangusha watu, kwa hiyo ikaushwe kabla mgonjwa hajaingia.

*Kuoga.* Ndoo ipandishwe juu ya stuli, usawa wa kiuno, na mgonjwa aoge amesimama au amekaa kwenye kiti cha plastiki. Miguu na nyayo aoshwe na mtu mwingine kwa wiki za mwanzo. Najua mzee hapendi kuoshwa miguu na mkwewe. Basi tafuteni mtu anayefaa kufanya hivyo, mke, mume, au mjukuu wa kiume kwa babu yake, lakini asiiname mwenyewe.

*Jikoni.* Jiko la mkaa liwekwe juu ya meza ya matofali. Kibao cha kukalia kiondoke kabisa, na mbuzi ya kukunia nazi pia. Angalia mtu anavyokaa juu ya mbuzi: magoti yamepanda hadi kifuani, kiuno kimekunjwa, mikono inasukuma na kuvuta mbele, na mgongo unazunguka kidogo kila nazi inapogeuzwa. Kuinama, kusukuma na kujizungusha kwa wakati mmoja ndiko kunakoikamua diski kwa nyuma, kuelekea ile ile neva. Katika miaka ya 1960 daktari wa Sweden, Alf Nachemson, aliingiza sindano za kupimia kwenye diski za watu walio hai na kuonyesha kwamba shinikizo hupanda sana mtu anapoinama mbele akiwa ameshika mzigo. Nazi ikunwe na mwingine, au inunuliwe iliyokunwa.

*Kufagia, kudeki, kufua.* Havimhusu mgonjwa kwa wiki 6 za mwanzo. Nikisema havimhusu namaanisha hata kidogo. Wanawake wengi huniambia "nafagia tu mbele ya mlango." Fagio la chelewa linamlaza mtu mpaka mgongo unakuwa sambamba na ardhi, na mkono unazungusha kiwiliwili upande mmoja mara kwa mara. Baada ya wiki 6, akirudia kazi hiyo, apate fagio lenye mpini mrefu na asilirudie tena fupi.

*Maji.* Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Kwa wiki za mwanzo mzigo wa mgonjwa usizidi kilo 2 au 3, yaani birika la chai, au sufuria ndogo. Na mtoto? Mtoto mdogo ni mzigo mzito kuliko yote kwa sababu hatulii. Mama akae au alale ubavu, kisha mtoto aletwe apakatwe au alazwe pembeni.

Viatu viwe vya kuchomeka mguu, vyenye kisigino cha kushika nyuma. Kandambili zilizolika huteleza, na mguu wenye ganzi huzivua njiani bila mwenyewe kujua.

Hatua ya 4: Kuamka na kulala

Jifunze hili mpaka lisihitaji kufikiri. Umelala chali. Kunja magoti yote mawili, nyayo zikiwa juu ya godoro. Kaza tumbo kidogo bila kubana pumzi. Sasa geuka ubavu mzima kwa pamoja, bega, nyonga na goti vikienda kwa wakati mmoja. Mabega yasitangulie kiuno kikabaki nyuma. Ukishalala ubavu karibu na ukingo, shusha miguu nje ya kitanda huku ukijisukuma kwa kiwiko cha chini na kiganja cha juu. Uzito wa miguu unaposhuka ndio unaokuinua kiwiliwili. Kaa hapo kidogo mpaka kizunguzungu kiishe, sogea ukingoni, egemea mbele kwa kutumia nyonga huku mgongo umenyooka, kisha simama kwa nguvu za mapaja.

Kulala ni hivyo hivyo kinyumenyume. Ukilala ubavu weka mto kati ya magoti, ukilala chali weka mto chini ya magoti. Kulala kifudifudi si kwa sasa.

Ndugu wasimvute mgonjwa kwa mikono ili kumkalisha. Huo ndio msaada wa upendo unaoumiza kuliko wote ninaouona. Kazi ya ndugu ni kusimama karibu, labda kushika bega wakati wa kugeuka, na kumpa fimbo mkononi.

Hatua ya 5: Tembea, usikae

Kulala kitandani wiki nzima ni ushauri wa zamani ulioachwa. Tangu siku ya kwanza nyumbani tembea dakika 5 hadi 10, mara 4 au 5 kwa siku, kwenye ardhi tambarare, asubuhi kabla jua halijawa kali na jioni likishapoa. Ongeza kidogo kidogo mpaka, kufikia wiki ya 4 hadi ya 6, utembee nusu saa mfululizo. Kama leo ulitembea na usiku mguu ukawaka moto, kesho rudi kwenye kiwango cha juzi, usiache kabisa.

Kukaa ndiko kuliko na mipaka. Dakika 20 hadi 30, kisha simama. Kiti kiwe kigumu, chenye mgongo na mikono, na taulo lililokunjwa likiwekwa nyuma ya kiuno.

Hapa niseme juu ya wageni. Mtu akitoka hospitali, majirani, wanakikundi, watu wa msikitini au kanisani huja kumpa pole. Ni jambo jema. Mgonjwa anakalishwa kwenye sofa lililodidimia tangu saa tisa mpaka magharibi, kwa sababu kulala mbele ya wageni anaona ni kukosa adabu. Usiku anashindwa kulala kwa maumivu na familia inadhani upasuaji umeharibika. Mtu wa nyumbani achukue jukumu la kuwaambia wageni: mgonjwa anakaa dakika chache, kisha anaruhusiwa kwenda kulala, nanyi karibuni chai. Hakuna atakayechukia.

Mkanda wa kiuno uvae tu kama daktari ameuagiza, na kwa muda aliosema. Ukiuvaa miezi kadhaa kwa sababu unakupa imani, misuli ya tumbo na mgongo inazembea.

Hatua ya 6: Kidonda

Kibaki kikavu na kufunikwa mpaka nyuzi zitoke, kwa kawaida siku ya 10 hadi ya 14. Anayebadilisha bandeji anawe mikono kwa sabuni. Joto la pwani linaleta jasho mgongoni, na bandeji iliyolowa jasho ibadilishwe, isisubiri ratiba. Usipake chochote ambacho hospitali haikukupa: si asali, si mafuta ya nazi, si unga wa vidonge, si majani ya kusaga. Usikandwe kwa maji ya moto juu ya kidonda, wala wakandaji wasiguse kiuno kwa miezi 3. Bahari na bwawa vingoje mpaka kidonda kifunge kabisa na daktari akubali.

Mwenye kisukari apime sukari mara nyingi zaidi kuliko kawaida yake katika wiki hizi, maana sukari ikiwa juu kidonda hakifungi na usaha unapata nafasi. Mvutaji sigara aache, hasa aliyewekewa vyuma: nikotini inazuia mfupa usishikane. Hili silisemi kama nasaha ya jumla ya afya. Mifupa isiposhikana, skrubu hulegea, na mtu anarudi kupasuliwa upya.

Hatua ya 7: Dawa na tumbo

Parasetamoli, ile wengi tunayoiita panadol, ndiyo msingi: kwa mtu mzima, miligramu 1,000 kila baada ya saa 6, na isizidi gramu 4 kwa saa 24. Dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli ndani yake, kwa hiyo usizichanganye. Diklofenaki inatuliza sana, na kwa sababu inauzwa kila duka watu huila kama karanga. Mwenye vidonda vya tumbo, figo dhaifu au presha asiimeze bila kuuliza, na aliyeunganishwa pingili amuulize daktari wake kwanza.

Tramadoli, dawa kali ya maumivu, ni ya siku chache za mwanzo. Inalewesha, inafunga choo, na mwili unaizoea. Isimezwe pamoja na pombe. Kama unatumia pia amitriptilini, mwambie daktari, kwa sababu mbili hizo zikiwa pamoja zinaweza kuleta matatizo makubwa, ikiwemo degedege.

Gabapentini, pregabalini na amitriptilini si za kidonda. Hizi ni za neva. Hazitulizi papo hapo kama panadol, zinafanya kazi zikimezwa kila siku kwa wiki kadhaa. Mgonjwa akisema "nimemeza mara mbili, haisaidii" bado hajaipa nafasi. Na siku ya kuziacha, zipunguzwe polepole kwa maelekezo, zisikatwe ghafla.

Choo kigumu kinatesa zaidi ya kidonda. Kujikamua kunapandisha shinikizo hadi mgongoni. Anza mapema: maji ya kutosha, papai, mchicha au matembele, ugali wa dona badala ya sembe. Siku 3 zikipita bila choo, omba dawa ya kulainisha kama laktulosi, usisubiri wiki.

Hatua ya 8: Ielewe neva, usiikatie tamaa

Maumivu makali ya mguu, yale ya umeme, mara nyingi hupungua mapema, wengine hata siku ile ile. Maumivu ya kiuno yanabaki kwa wiki kadhaa, kwa sababu misuli imekatwa na kusukumwa. Nguvu inarudi polepole. Ganzi ndiyo ya mwisho, na wengine hubaki na eneo dogo lenye ganzi maisha yao yote.

Wanaoumia moyo ni wale wanaopima upasuaji kwa ganzi. Neva iliyobanwa miaka miwili haifunguki siku moja. Pale ambapo nyuzi za neva zenyewe zimeharibika, hukua upya kwa takriban milimita 1 kwa siku, na kutoka kiunoni hadi wayo wa mtu mzima ni karibu mita 1. Piga hesabu mwenyewe. Nyuzi nyingi zilizobanwa huwa hazijafikia hali hiyo, ndiyo maana wengi huona mabadiliko ndani ya miezi ya mwanzo, lakini mabadiliko yanaendelea hadi mwaka na zaidi. Kuchomachoma na kutambaliwa na sisimizi mahali palipokuwa pamekufa kabisa mara nyingi ni dalili kwamba neva inaamka. Katika wiki ya kwanza au ya pili maumivu ya mguu yanaweza kurudi kwa kiasi, kwa kuwa neva imevimba baada ya kuguswa. Yakiwa madogo kuliko ya zamani na yanapungua, usiogope.

Pima mambo mawili mara moja kwa wiki, ukishika ukuta au meza. Tembea hatua chache kwa visigino, vidole vikiwa juu. Kisha nyanyuka juu ya vidole vya mguu mmoja, halafu wa pili. Kushindwa kutembea kwa kisigino kunahusiana zaidi na neva ya L5, kushindwa kunyanyuka kwa vidole kunahusiana na S1. Andika: mguu wa kulia mara ngapi, wa kushoto mara ngapi. Wayo unaoburuta ukitembea unahitaji kifaa cha kuushikilia usidondoke, na fiziotherapia ya mapema.

Mguu wenye ganzi ulindwe kama wa mwenye kisukari. Maji ya kuoga yapimwe kwa mkono, si kwa mguu. Kila usiku mtu wa nyumbani atazame nyayo kama kuna mwiba, lengelenge au kuungua.

Hatua ya 9: Dalili zisizosubiri asubuhi

Nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane, ukipata: kushindwa kukojoa wakati kibofu kimejaa, au mkojo na haja kubwa kutoka bila kujua, ganzi mpya kwenye sehemu za siri, kati ya mapaja na kuzunguka njia ya haja kubwa, yaani pale panapogusa tandiko la baiskeli, mguu kuishiwa nguvu ghafla, au miguu yote miwili. Hii maana yake ni kwamba fungu zima la neva linabanwa, labda na damu iliyoganda. Saa zinahesabika. Neva za kibofu zikichelewa kufunguliwa, zinaweza zisirudi.

Homa ya nyuzi 38 au zaidi, kidonda kuvimba, kuwa chekundu au chenye joto, usaha, au maumivu ya kiuno yanayozidi usiku baada ya kuwa yamepungua: ni dalili za maambukizi, na mara nyingi hujitokeza wiki chache baada ya upasuaji, wakati watu wameshaacha kuangalia. Homa mgongo ukiwa na kidonda isihukumiwe kuwa malaria tu. Pimwa malaria, na kidonda kitazamwe.

Kichwa kinachouma vikali ukikaa au ukisimama na kutulia ukilala, au majimaji meupe kama maji yanayolowesha bandeji, ni dalili kwamba maji ya uti wa mgongo yanavuja. Lala, na familia itafute usafiri. Shavu la mguu mmoja kuvimba na kuuma ni dalili ya damu kuganda. Kifua kubana na kushindwa kupumua ni dharura kubwa zaidi.

Kama ulipasuliwa kwenye hospitali kubwa kama MOI Muhimbili, KCMC Moshi au Bugando Mwanza na sasa upo wilayani, usianze safari ya kurudi huko peke yako. Nenda hospitali kubwa iliyo karibu, waonyeshe karatasi za kutoka wodini, waombe wawasiliane na waliokupasua.

Hatua ya 10: Mazoezi, kazi na maisha mengine

Mazoezi ya siku za mwanzo ni ya kitandani: kuchezesha vifundo, kukaza mapaja, kukaza tumbo ukipumua. Kuanzia wiki ya 2 hadi ya 6, kadiri daktari anavyoruhusu, mtaalamu wa fiziotherapia anaongeza kunyanyua nyonga ukiwa chali, kusimama na kuketi kwenye kiti mara kadhaa, na kuitelezesha neva taratibu kwa kunyoosha goti. Usivute mguu kwa kamba mpaka machozi yatoke. Neva haipendi kuvutwa.

Aliyeondolewa kipande cha diski na anafanya kazi ya mezani anaweza kurudi baina ya wiki ya 2 na ya 6. Dereva asubiri mpaka ameacha tramadoli na anaweza kukanyaga breki kwa ghafla bila kusita. Kama mguu wa kulia ndio wenye udhaifu, fiziotherapia impime kwanza. Mkulima, mbeba mizigo, fundi ujenzi: wiki 8 hadi 12, na aanze na nusu ya kazi. Mwenye vyuma, miezi 3 hadi 6. Jembe la mpini mfupi naliweka kundi moja na fagio la chelewa.

Anayeswali aswali kwenye kiti, rukuu na sijida kwa kuinamisha kichwa. Dini imempa mgonjwa ruhusa hiyo. Kanisani abaki amekaa wenzake wanapopiga magoti. Tendo la ndoa halijakatazwa. Wengi hurudia baada ya wiki chache kidonda kikishapona, mgonjwa akiwa amelala chali au ubavu na mwenzake ndiye anayejongea. Ulizeni kliniki mkiwa wawili, maswali haya tunaulizwa na tunayajibu.

Hatua ya 11: Maumivu ya mguu yakirudi

Diski iliyotolewa kipande bado ipo, na sehemu iliyobaki inaweza kutoka tena. Tafiti nyingi zinaweka idadi ya wanaopatwa na hilo kati ya 5 na 15 katika kila 100. Kwa hiyo mguu ukianza tena umeme baada ya miezi ya utulivu, usikimbilie kudhani ulipasuliwa vibaya, na usikimbilie upasuaji wa pili. Kama hakuna dalili zile za Hatua ya 9, punguza kukaa na kuinama, rudia dawa za awali kwa ushauri wa kliniki, endelea kutembea kwa umbali mfupi, na pima tena kisigino na vidole ulinganishe na daftari. Wengi hutulia ndani ya wiki 6. Nguvu ikipungua, au maumivu yakikataa, omba MRI, ile picha ya sumaku inayoonyesha diski na neva, na mkumbushe daktari kwamba umeshapasuliwa: ataamua kama picha inahitaji dawa ya kudunga kwenye mshipa, inayosaidia kutofautisha kovu na kipande kipya cha diski. Nenda na zile picha za zamani. Zitunze mahali pakavu, zisikunjwe, na ndugu zaidi ya mmoja wajue zilipo.